Mume wa Kliniki

Karatasi ilibandikwa kwa pini nne kwenye ubao wa matangazo wa duka la chakula cha mifugo mjini Toowoomba, katikati ya tangazo la marobota ya nyasi kavu na lile la watoto wa mbwa wa kuchunga kondoo. Ilikuwa karatasi nzito, rangi ya maziwa, na maneno yake yalipangwa vizuri: mume na mke wenye shamba na mapenzi tele wanatafuta mwanamke wa chini ya miaka thelathini na tano, mwenye afya na moyo wa huruma, awape yai lake la uzazi ili nao wapate mtoto. Chini ya karatasi palikatwa vipande vyembamba kumi, kila kimoja na nambari ya simu, mwenye nia achane kimoja aende nacho. Vipande vyote kumi vilikuwepo. Tangazo la watoto wa mbwa lilikuwa limebakiwa na viwili.

Darryl Pocock aliingia dukani humo kukwepa mvua, maana farasi hakuwa naye, wala ng'ombe, wala kuku. Alikuwa na miaka hamsini na moja, nywele bado nyingi, sauti ya mtu anayekuombea mema, na shati la buluu lililonyooshwa na yeye mwenyewe, kwa sababu katika maovu yake yote uvivu wa kupiga pasi haukuwemo. Aliwahi kuuza mitambo ya umeme wa jua ambayo kazi iliyoifanya vizuri ilikuwa kutia kivuli bati. Aliwahi kuuza unga wa kukaza kwato za farasi, ambao mke wa mteja mmoja aliukaanga akidhani ni ngano, na wageni wakausifu.

Aliisoma karatasi mara tatu. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akachana vipande vyote kumi akavitia mfukoni. Msongamano hakuupenda katika biashara.

Siku hiyo alikaa na simu yake mpaka chai ikapoa, akisoma sheria. Mwizi anayesoma sheria ni mtu wa kuogopwa kuliko wakili. Sheria ya huku inasema yai la uzazi ni zawadi. Mwenye kutoa hurudishiwa mafuta ya gari, chakula cha mchana na siku za kazi alizokosa, basi. Anayelipa zaidi ya hapo ana kesi, na anayepokea ana kesi. Mtu mwema angesoma hayo akaachana nayo. Darryl aliposoma alikaribia kuibusu simu. Mtu akikulipa kwa siri, halafu ukatoweka, atamwambia nani? Ataingia kituo cha polisi aseme naomba msaada afande, nimetapeliwa nikiwa katikati ya kuvunja sheria?

Kilichopungua ni mwanamke tu.

Akamwendea Tahnee Burgess. Tahnee alikuwa na miaka ishirini na minane, akifanya kazi ya kuoka pai za nyama katika duka la mikate, zamu ya kuanzia alfajiri, na ana binti wa darasa la pili anayeitwa Indi. Mama yake Tahnee aliishi na Darryl miaka sita, hadi siku mama huyo alipozitia nguo za Darryl kwenye mifuko ya taka akaipanga kando ya barabara, siku ya wazoa taka. Lakini Tahnee hakumkatia salamu mzee huyo, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na mtoto hasahau mkono ulioshika kiti.

Darryl alimkuta jikoni kwake, akamweleza. Gari la Tahnee lilikuwa limekufa giaboksi, liko uani na nyasi zimeota kwenye magurudumu, naye na Indi walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda shule. Darryl akaapa giaboksi itakuwa ya kwanza kabisa kununuliwa.

"Na sindano je, mzee?" Tahnee akauliza. "Nimesikia wanakuchoma tumboni kila siku."

"Sindano hutaiona. Sisi tunakula sambusa, tunaondoka kabla wali haujaiva."

"Na wewe utakuwa nani yangu?"

"Mumeo."

Tahnee alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia watu watafikiri amemwokota nyumba ya wazee, siku ya kugawa supu. Darryl hakukasirika. Akasema mwanamke akienda peke yake ataulizwa moyo wake unasemaje, lakini akiwa na mume, mume ndiye ataulizwa anataka nini. Maneno hayo aliyaona ya hekima. Tukumbuke kwamba aliyasema mwenyewe.

Shamba la akina Aldershaw lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka mjini, uzio mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndani yake farasi wa mbio wenye makoti mazuri kuliko ya watu wengi. Graeme Aldershaw alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, uso mwekundu wa jua. Maisha yake yote alikuwa amezalisha farasi, na kila kiumbe chenye kuzaa alikitazama kwa macho hayohayo. Alimzunguka Tahnee mara moja pale ukumbini kabla hajamkaribisha kiti.

"Meno?" akamuuliza Darryl.

"Yote ya kwake, ndugu yangu."

"Vifundo vya miguu? Kwao hakuna mwenye vifundo dhaifu?"

"Bibi yake mzaa mama aliogelea kwa niaba ya jimbo zima. Miguu kama mikaratusi. Babu alikuwa daktari wa kupasua watu, mikono haitetemeki."

Tahnee alitazama dari. Bibi yake alinyonyoa kuku kiwandani miaka thelathini na mmoja, na maji aliyaogopa hata ya beseni. Babu, mikono ilitetemeka kila siku mpaka saa nne, baa zilipofunguliwa.

Graeme aliandika yote kwenye daftari lenye picha ya farasi.

Mke wake, Philippa, hakuuliza ukoo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mrefu, mikono mikubwa ya kazi. Alileta chai na keki za nazi, akakata keki vipande sawasawa kama mtu anayetaka shughuli ya mikono. Mayai yake mwenyewe yalikuwa yameshindwa. Tumbo lilikuwa zima. Daktari alisema akipata yai la msichana mwenye afya anaweza kubeba, lakini alimpa mwaka mmoja tu wa kujaribu, baada ya hapo asimfuate tena. Miezi miwili ya mwaka huo ilishapita, karatasi ikiwa ubaoni. Alimuuliza Tahnee swali moja, kama anaogopa sindano.

Tahnee akasema anaziogopa sana.

"Hata mimi," Philippa akasema. "Nimechomwa mia nne na kumi na mbili, nimezihesabu, na bado nafumba macho."

Darryl akaona mazungumzo yanapotea njia, akayarudisha kwenye shukrani. Alisema kwa upole kwamba yeye na mkewe hawataki fedha, Mungu apishe mbali, sheria ni sheria. Ila familia ikipendana na familia, vitu vidogovidogo hutembea.

Graeme alielewa upesi kuliko alivyotarajiwa. Akasema kwenye farasi kuna desturi, na yeye desturi haivunji: mwenye dume halipwi siku ya kupandisha, wala siku mimba inapoonekana. Hulipwa mtoto akishasimama kwa miguu yake minne na kunyonya. Kabla ya hapo ni bahati njema tu na kupeana mikono.

"Miguu minne," Darryl akasema polepole.

"Kwa huyu miwili," Graeme akakubali.

Darryl alibembeleza mpaka desturi ikapinda, wakapatana namna ya kukatakata malipo. Mkutano wa leo, friza moja kubwa yenye nyama ya kondoo mzima na nusu. Wakimaliza kikao cha kwanza cha ushauri kliniki, mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia kama trekta. Vipimo vya damu vikitoka vizuri, televisheni. Na kilele, siku mayai yatakapovunwa, karavani.

Graeme aliwatoa nje akawaonyesha. Ilikuwa nyeupe, imeegeshwa chini ya banda, nyumba kamili ya kuvutwa na gari: jiko la mafiga mawili, kitanda cha watu wawili, choo chake chenyewe, na pazia la kukunjua ubavuni mtu akae kivulini. Darryl aliingia, akakalia kitanda, akafungua kabati moja akalifunga. Lilifunga bila kelele. Akajiona yuko kaskazini kabisa, kando ya bahari, ndoano majini, hakuna anayemjua jina. Pale pale mpango wake wa kuondoka kabla ya wali ukafa, naye hakusikia hata ukilia.

Friza ikaenda nyumbani kwa Darryl. Tahnee alipewa mapaja mawili na ahadi kwamba giaboksi ni wiki ijayo.

Sasa, Darryl alisoma sheria kwa jicho la mwizi, na jicho la mwizi huruka kurasa zisizo na kufuli. Ukurasa aliouruka ulisema hivi: mwanamke mwenye kutoa yai akiwa na mume, mume naye huingia humo. Hupimwa damu. Hukaa kwenye ushauri. Wakubwa wa kliniki wanataka kujua kwamba hata yeye ameelewa, ili kesho asije akavunja nyumba ya watu.

Mshauri wao aliitwa Ros Quigley, mama wa miaka sitini mwenye sweta la kufuma na miwani ya kamba. Alikuwa na tabia ya kunyamaza baada ya kuuliza, na kimya chake kilikuwa kirefu, cha starehe, kama mtu anayesubiri birika lichemke. Darryl maisha yake yote alikuwa hajakutana na kimya asichoweza kukijaza. Hiki alikijaza mpaka akachoka, na Ros bado anasubiri.

Walimtoa damu chupa saba. Kwenye ya nne Darryl alikalishwa na kupewa juisi ya machungwa. Tahnee alisimama kando akimpepea kwa karatasi ya maelekezo, na akamwambia muuguzi huyu mume wangu ndivyo alivyo, hata siku ya harusi alizimia alipoona gharama za keki.

Kikao cha pili, mashine ya nyasi na televisheni zikiwa tayari nyumbani kwa Darryl, Ros alimuuliza jambo hili: miaka kumi na minane ijayo, mtoto aliyezaliwa ana haki ya kujua yai lilitoka kwa nani. Siku moja mlango unagongwa, unafungua, mbele yako amesimama mtu mzima mwenye pua ya mkeo. Utamwambia nini?

Hapo Darryl alikuwa uwanja wa nyumbani. Alikunja mikono, akaishusha sauti. Akasema atamwambia karibu. Akasema yai lenyewe ni dogo kuliko nukta mwishoni mwa sentensi, na mwanamke huzaliwa na maelfu yake, yanapotea mwezi kwa mwezi bila mtu kuyalilia. Ni nani basi atakayekataa kumpa mwenzake nukta moja, ili aanze sentensi yake? Alisema na mengine, yote mazuri. Muuguzi aliyekuwa akipita na faili alisimama mlangoni mpaka mwisho, akaondoka akijifuta macho. Neno moja la ukweli lilikosekana humo, nalo lilikuwa kwamba yeye mwenyewe anayaamini.

Ros aliandika mstari mmoja tu. Kisha akaeleza kwamba sasa atazungumza na kila mmoja peke yake, ndio utaratibu, na akamwomba Darryl asubiri ukumbini. Darryl hakuujua utaratibu huo. Alimkonyeza Tahnee njiani.

Mlango ulipofungwa, Ros hakumuuliza Tahnee kuhusu gari wala friza, vitu asivyovijua. Alimuuliza, "Nikikwambia sasa hivi basi, imekwisha, nenda nyumbani, mwili wako utashusha pumzi au utauma?"

Tahnee alikuwa na jibu tayari, la kucheka. Likamkwama. Alimfikiria yule mama mrefu anayekata keki sawasawa. Alimfikiria Indi, aliyekuja tumboni mwake bila kualikwa, Tahnee akiwa na miaka ishirini, kutokana na kijana ambaye siku hizi Tahnee humtaja kwa jina la ukoo tu. Yeye amepewa asichoomba. Mwingine amefumba macho mara mia nne na kumi na mbili.

"Utauma," akasema, na akaanza kulia, na katika kulia akasema yote: mume si mume, babu si daktari, friza, mashine ya nyasi, televisheni, karavani.

Ros alilifunga faili. Akasema hawezi kuendelea na yai lililolipiwa friza, na angeweza kuishia hapo. Lakini kama Tahnee anataka kwa moyo wake, ipo njia moja. Kila kilichotolewa kirudi kwa mwenyewe. Akina Aldershaw waje wakae kwenye kiti hichohicho waseme walichofanya. Miezi mitatu ipite. Halafu Tahnee arudi mwenyewe, mwanamke asiye na mume, na ukoo wake wa kweli.

"Miezi mitatu anayo yule mama?" Tahnee akauliza.

Ros akasema anayo, ila hana ya kupoteza baada ya hapo.

Tahnee alimpigia simu Philippa aje duka la mikate baada ya zamu. Philippa alikula pai kwa uma mpaka ikaisha, akisikiliza, hakukatiza. Alipomaliza akaweka uma, akasema aliona aibu tangu siku Graeme alipouliza meno, na aliinyamazia aibu hiyo kwa sababu aliogopa kukosa. Kisha akashika mkoba wake ainuke. Alidhani ameitwa kuagwa.

"Kaa, dada," Tahnee akamwambia. "Mayai nitakupa. Bure. Ila vitu vyenu virudi vyote, na yule mzee asibaki hata na skrubu."

Philippa akakaa. Ndipo kwa mara ya kwanza Tahnee alipomsikia akicheka, kicheko cha puani, kama cha farasi wake.

Graeme alikuwa mgumu kidogo. Habari za friza hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni bibi wa kuku. Alileta daftari, akaonyesha alipoandika muogeleaji. Philippa alimkumbusha kwamba babu mkuu wa ukoo wa Aldershaw aliletwa nchi hii na pingu miguuni kwa kuiba jibini, tena jibini lenyewe alishindwa kukimbia nalo. Vifundo dhaifu hivyo. Graeme alilifunga daftari, na wiki iliyofuata akakaa mbele ya Ros, kofia magotini, akijibu kama mwanafunzi.

Darryl aliambiwa hadithi nyingine. Tahnee alimfuata nyumbani uso umempauka, akamwambia kuna mkaguzi. Kliniki imetuma mkaguzi wa nyumba za watoaji, anafungua hadi makabati, Alhamisi yuko kwa Darryl. Akiona friza mpya ya kutoshea ng'ombe, wote ndani.

Tapeli mzoefu hudanganywa kwa urahisi, kwani hadhani kuna wa pili. Darryl aliuliza vitafichwa wapi. Tahnee akajikuna kichwa, akafikiri kwa muda unaofaa, akasema labda kwa haohao akina Aldershaw, banda lao ni kubwa, nao si wako kwenye mtumbwi mmoja na sisi? Darryl akamsifu kwa akili. Akasema damu ya utapeli imeanza kumwingia ingawa si baba yake.

Jumatano kutwa alipakia. Alipakia friza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa usafi aliifuta kwanza ndani na nje. Alipandisha mashine ya nyasi kwenye trela kwa mbao mbili, peke yake, mgongo ukalia. Televisheni aliifunga kwa blanketi lake la kulalia. Safari tatu, kwenda na kurudi, Graeme akimfungulia geti kila mara na kumshukuru kwa uangalifu wake.

Ikabaki karatasi. Mkaguzi, Tahnee alisema, anataka na kiapo. Karatasi iliandikwa na wakili wa Philippa, ukurasa mmoja, herufi za kusomeka. Katika jengo la maduka, karibu na duka la viatu, hukaa mzee wa kujitolea mwenye muhuri, ndiye hushuhudia viapo vya watu bila malipo. Alimuuliza Darryl kama amesoma anachotia sahihi.

"Kama kiganja changu, mzee wangu," Darryl akasema, macho yakiwa kwenye dirisha la viatu.

Muhuri ukagongwa.

Miezi mitatu Darryl aliambiwa kliniki kuna foleni, akaipitisha akiulizia karavani kwa simu, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Ulipofika wakati wa sindano, alikuja jikoni kwa Tahnee na maua ya kituo cha mafuta. Alijua aliahidi sindano hazitakuwepo. Lakini mambo yamefika mbali, na sindano zenyewe, alisema, ni siku kumi na moja tu, kama kuumwa na mbu.

"Wewe ulizimia kwa kutolewa damu," Tahnee akamkumbusha.

"Mimi nina roho nyepesi. Wewe ni mwanamke, mwanangu."

 Kama palikuwa na chembe iliyobaki ya kumhurumia, ilimtoka Tahnee hapo.

Kila jioni Philippa alikuja na gari lake, akanawa mikono, akamchoma Tahnee tumboni, chini ya kitovu kidogo, leo kulia, kesho kushoto. Wote wawili walifumba macho, mchomaji akifumbua moja tu la kuonea. Indi alikaa juu ya kabati la jikoni akihesabu mpaka kumi. Tahnee alivimba, suruali zikakataa kufunga, akaoka pai akiwa amevaa gauni la mama yake. Siku ya tisa alikuwa na hasira hata na unga. Hizo habari hazikuwa kwenye hotuba nzuri ya Darryl, nazo ndizo kazi yenyewe.

Siku ya kuvuna, sheria ya kliniki ilimtaka mtu mzima wa kumrudisha nyumbani na kumtunza kutwa, na Philippa alipaswa kuwa upande wa pili wa kliniki kwa ajili ya vipimo vya tumbo lake. Kwa hiyo mume wa kliniki alifanya kazi ya mume. Alisubiri ukumbini kwa shati la buluu, na kwa kuwa hakuweza kukaa karibu na watu bila kuwauzia kitu, aliongea na waliokuwepo. Yalitoka mayai tisa. Akamrudisha Tahnee, akamtilia maji ya moto kwenye chupa ya kukandia, akampikia supu ya pakiti ikaungua kidogo. Usingizini Tahnee alimwita Daz, kama zamani za baiskeli. Darryl alikaa kando ya kitanda mpaka jioni, na lazima tuseme ukweli, alikuwa akitafuta bei za ndoano kwenye simu.

Kesho yake alikwenda shambani na ndoano kubwa zaidi, ile ya chuma ya kuvutia karavani, ameifunga nyuma ya pikapu, imepakwa grisi. Karavani ilikuwepo chini ya banda. Graeme na Philippa walikuwa wamekaa chini ya pazia lake lililokunjuliwa, wakinywa chai.

"Mayai tisa," Darryl akasema, mikono wazi. "Nimekuja kuchukua kilele."

Graeme akamuuliza kilele gani.

Darryl alicheka kidogo. Aliwakumbusha maneno ya kwanza, kupeana mikono, friza. Graeme akasema friza anayo, iko bandani, safi sana, hajapata kuiona safi hivyo. Philippa akachukua karatasi kwenye kikapu cha chai akamsomea, bila haraka, kama mtu anayesoma barua ya mpendwa: kwamba yeye, Darryl Pocock, akiwa na akili timamu, anaapa hajapokea kitu kwa Graeme na Philippa Aldershaw, hana kitu chao, hajaahidiwa kitu chao, na hatadai kitu chao, leo wala baadaye, na kwamba kusema uongo katika kiapo ni kifungo.

"Mmenitapeli," Darryl akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo akiwa upande huu, na lilimtoka vibaya.

"Nenda polisi, ndugu yangu," Graeme akamwambia kwa wema. "Waeleze tangu mwanzo."

Philippa alimkaribisha chai. Hakuitaka.

Mayai sita yalishika. Moja likawekwa tumboni mwa Philippa, likaondoka. La pili likawekwa wakati ule mwaka wa daktari umebakiwa na wiki tatu, nalo likakaa. Mtoto wa kike alizaliwa mwezi wa Machi, wakamwita Winifred, na Graeme alimshika vifundo vya miguu kwanza, kisha akalia mbele ya wauguzi. Tahnee alirudishiwa mafuta ya gari lisilotembea na chakula cha mchana cha siku sita, kama sheria inavyoruhusu, wala si senti zaidi. Kwenda shule bado ni kwa miguu. Jumapili huja shambani na Indi, ambaye hudai kwamba mtoto ni wake kidogo, na hakuna anayembishia.

Na Darryl? Winifred alipokuwa na wiki mbili, Ros Quigley alimpigia simu aje kliniki, kuna jambo linalomhusu. Darryl hakulala. Alinyoosha shati mara mbili, akafika akiwa tayari kukana kila kitu, hata jina.

Ros alimkalisha. Akamwambia kwamba mwaka mzima kabla yake kliniki ilipata watoaji wawili tu wa kujitolea. Tangu ile siku ya kuvuna wamekuja wanne, na amewauliza wote nani aliwaleta. Mmoja alikuwa amemsindikiza dada yake. Mmoja alileta maji ya kunywa ya ofisi. Wawili ni mtu na rafiki yake. Wote walisema ni bwana mmoja mwenye shati la buluu, aliyekaa ukumbini akawaeleza habari za nukta na sentensi.



"Wanne," Darryl akasema. Aliwaza wanne, na friza nne, na karavani nne zikiwa zimepangwa mstari kando ya bahari. Alikuwa ameuza vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na aliuza kwa bei ya bure. Akauliza, kwa sauti nyembamba, kama hakuna chochote kidogo kwa mtu wa kuleta watu.

"Sheria, Bwana Pocock," Ros akasema. Akamsogezea sahani ya biskuti.

Darryl alichukua mbili. Moja aliila hapohapo. Ya pili, Ros alipogeuka kutia chai, aliificha mfukoni.